Kufutana kwa makosa ya kimfumo
Kufutana kwa makosa ya kimfumo hutokea pale kasoro inayogusa vipimo viwili kwa kiwango kilekile inapotoweka vipimo hivyo vikigawanywa. Mizani inayozidisha asilimia 2 kwa kila gunia haiharibu uwiano wa magunia mawili.

Katika fizikia ya chembe, mfano wenye mafunzo mengi ni uwiano wa RK uliopimwa na jaribio la LHCb huko CERN, unaolinganisha miozo adimu ya mesoni B inayotoa muoni na ile inayotoa elektroni. Kigunduzi cha LHCb hunasa muoni kwa urahisi kuliko elektroni. Kwa hiyo kila upande uligawanywa kwanza kwa mwozo wa aina yake unaopitia chembe ya J/ψ, na tofauti ya unasaji ikafutika karibu yote. Mwaka 2021 jibu lilikuwa takriban 0.85, wakati Modeli Sanifu, nadharia inayoeleza chembe za msingi, hutabiri 1. Pengo lilikuwa la mikengeuko sanifu 3.1, na msisimko haukuwa mdogo.

Desemba 2022 uchambuzi mpya wa LHCb uliziba pengo hilo. Baadhi ya hadroni zilikuwa zimehesabiwa kama elektroni, na uchafu huo uliuathiri mwozo adimu zaidi ya ule wa J/ψ, hivyo kugawanya hakukuuondoa.