Safu ya Kazi Iliyoachwa Wazi

Katika sensa za Uingereza za enzi ya Malkia Victoria, wake wengi hawana neno lolote kwenye safu ya kazi. Ni rahisi kuhitimisha kwamba walikaa tu wakilishwa na waume zao, lakini hitimisho hilo halisimami. Maagizo ya sensa ya 1841 yaliruhusu kazi za wake zisiandikwe, pamoja na za watoto waliowasaidia wazazi bila mshahara. Mke aliyeuza dukani kutwa nzima aliweza kurukwa. Mashariki mwa London wanawake walitengeneza visanduku vya viberiti majumbani kwa peni mbili na robo kwa kila visanduku 144, na gundi walijinunulia wenyewe. Kazi kama hiyo ilipotea kirahisi.

Wapo wanaopinga, nao wana hoja: wanawake wafumaji wa pamba wa Lancashire, hata walioolewa, wameandikwa kwa wingi. Kweli, sensa si ya kutupwa. Ila kiwanda kilikuwa na lango na mshahara wa kila wiki. Meza ya jikoni haikuwa navyo. Ndiyo maana nyaraka nyingine ni za lazima. Wanawake na wasichana wa kiwanda cha viberiti cha Bryant & May walipogoma mwaka 1888, daftari la mfuko wa mgomo lilihifadhi majina na anwani zao, na leo mtafiti anaweza kulilinganisha na sensa ya 1891. Kumbukumbu za mahakama nazo zina thamani kubwa: shahidi aliyeulizwa alikuwa wapi hutaja nguo alizokuwa akifua, au soko alilokuwa akiuzia.