Ndui, Njia ya Tabora na Mtoto Aliye Tumboni



Sisi tunaoshona nguo za harusi tunawajua wateja wetu kwa kiuno. Leo biharusi anataka gauni libane, baada ya miezi michache anarudi tumfungulie mshono, na hapo tunajua kuna kheri ndani ya nyumba.

Mmoja wao alipitia mtihani. Mimba yake ilipokuwa ya miezi miwili alitokwa na vipele vidogo na homa nyepesi, vikaisha baada ya siku tatu. Nasi tuliokuwepo tulimwambia ni joto tu. Mtoto alizaliwa, alhamdulillah yu hai, lakini hasikii, na jicho lake moja lina mtoto wa jicho. Daktari alimwambia ni rubela. Tangu siku ile neno letu la "joto tu" linatuchoma.

Hapo ndipo tulipomkumbuka bibi yetu, ambaye asili ya watu wake ni Unyamwezi. Alikuwa na mwiko wake: mja mzito haingii nyumba yenye ndui, wala hagusi nguo ya mgonjwa. Tuliona ni mambo ya kizee. Tuliposoma habari za njia ya misafara ya Tabora ndipo tulipomfahamu.

Wanawake waliotembea

Katika karne ya 19 njia kubwa ya bara ilianzia pwani ya Bagamoyo, ikapanda milima ya Usagara, ikavuka Ugogo hadi Unyanyembe, ulipo mji wa Tabora wa leo. Makazi ya wafanyabiashara wakati huo yakiitwa Kaze. Hapo njia iligawika: moja ikaenda Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika, nyengine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Kutoka pwani yalipanda marobota ya merikani, kaniki na shanga. Kutoka bara zilishuka pembe za ndovu, na watu waliotekwa. Hili la mwisho tuliseme bila kuficha, maana wengi wa wenye misafara walikuwa Waislamu wenzetu kutoka visiwani na pwani.

Tumezoea kuifikiria njia hii kuwa ya wanaume. Lakini wapagazi wengi wa Kinyamwezi walisafiri na wake zao, waliobeba vyungu, chakula na watoto, na kupika walipofika kambini. Wako waliotembea na mimba. Mwanamke mpagazi angalau alikuwa na mume wa kumpokea mzigo. Mateka hakuulizwa hali yake.

Ndui njiani

Mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walipita njia hii. Waliondoka pwani mwezi wa Juni, wakafika Kaze Novemba. Burton aliandika kwamba katika maradhi ya mlipuko hakuna lililokuwa la hatari kuliko ndui. Wakielekea Usagara walipishana na msafara unaoshuka pwani, umeshikwa na maradhi hayo. Wako waliopofuka wakijikokota, na kina mama wamebeba mgongoni watoto wenye ndui kama wao. Hawakuthubutu kutoka njiani, kwa sababu aliyeanguka hakuinuka tena.

Kwa nini ndui ilishamiri njiani? Mtu akishaambukizwa hukaa karibu siku 12 bila kuona kitu. Siku hizo zote anatembea na wenzake na kulala nao kambi baada ya kambi. Vipele vinapotoka, msafara uko mbali na ulikoanzia, na kila mji wa kupumzikia umejaa wageni. Virusi vya ndui hubaki pia kwenye nguo na matandiko ya mgonjwa. Bibi yetu hakusoma, lakini kwenye nguo alisema kweli.

Madaftari ya safari yalihesabu pembe na vitambaa, hayakuhesabu mimba zilizotoka porini. Lakini kumbukumbu za hospitali za nchi nyengine zimekusanywa, nazo zinaonyesha kuwa katika waja wazito waliougua ndui, takriban mmoja kati ya watatu alifariki. Mimba takriban 4 katika kila 10 ziliharibika au mtoto alizaliwa kabla ya wakati. Wako watoto waliozaliwa tayari wana vipele mwilini. Sasa mfikirie mwanamke wa namna hiyo Ugogo, jua kali, maji haba, na msafara haumngojei.

Giza la tatu

Katika Suratu Zumar, aya ya 6, Mwenyezi Mungu anatukumbusha kuwa ametuumba matumboni mwa mama zetu ndani ya giza tatu. Wafasiri, akiwemo Ibn Kathir, wamezieleza: giza la tumbo, giza la mfuko wa uzazi, na giza la kondo linalomsitiri mtoto.

Kondo la nyuma ni mlinzi. Damu ya mama na damu ya mtoto haziwi moja. Zinakaribiana, baina yao pana ukuta mwembamba. Chakula na hewa vinapita kwenda kwa mtoto, taka zinarudi kwa mama, na vijidudu vingi huzuiwa hapo. Lakini baadhi ya virusi hupenya. Vinaingia kwenye kondo lenyewe, vinaharibu mishipa yake midogo, kisha vinamfikia mtoto. Rubela ni hatari zaidi katika wiki 12 za mwanzo, wakati moyo, macho na masikio yanaumbwa. Mama anaweza kuona vipele vichache tu, au asione chochote, na mtoto akadhurika.

Aliyeligundua hilo ni daktari wa macho wa Sydney, Australia, Norman Gregg. Mwaka 1941 alieleza kuwa watoto wengi aliowaona na mtoto wa jicho, mama zao waliugua rubela walipokuwa na mimba.

Kabla ya gauni

Ndui imekwisha. Mtu wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali wa Merca, Somalia, Oktoba 1977, naye akapona. Mwaka 1980 dunia ilitangaziwa kuwa haipo tena. Iliondolewa na chanjo.

Rubela bado ipo, na chanjo yake ipo. Tanzania ilianza kuchanja watoto dhidi ya surua na rubela mwaka 2014, kwa walio chini ya miaka 15. Kwa hiyo dada, ikiwa mwaka ule ulishatimiza miaka 15, huenda hukuchanjwa. Uliza kituo cha afya kabla ya nikahi, kwa sababu chanjo hii hapewi mja mzito, na ukishachanjwa unangoja mwezi mmoja kabla ya kushika mimba. Na ukiwa tayari una mimba, ukatokwa na vipele, usikubali kuambiwa ni joto. Mpigie mkunga kwanza akuelekeze, usiende kukaa benchi moja na waja wazito wenzako.

Kujikinga si kukosa tawakkul. Mtume wetu (SAW) ametufunza tusiingie nchi yenye tauni, wala tusiikimbie tukiwa ndani yake. Sayyidna Umar alirudi njiani kwa ajili hiyo alipokuwa akienda Sham, na alipoulizwa kama anakimbia kadari ya Allah, akajibu kuwa anaikimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah.

Basi ukija kwetu kupimwa gauni, tutakupima kifua, kiuno na urefu, kisha tutakuuliza na la chanjo. Usituone wadaku. Tulinyamaza mara moja, inatosha.

Wabillahi tawfiq.