Slim na Slam
Slim na Slam ni jina la kisanii la wanamuziki wawili wa Marekani, Slim Gaillard, mwimbaji na mpiga gitaa, na Slam Stewart, mpigaji wa besi kubwa ya kusimama, ambao kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 walichanganya vichekesho na swing, yaani jazi ya kuchezeka iliyotawala kumbi za dansi wakati huo. Wimbo wao "Flat Foot Floogie", uliorekodiwa mjini New York mwaka 1938, ulivuma mno hata wanamuziki wa jazi Benny Goodman na Fats Waller wakaurekodi upya mwaka huohuo, ingawa neno moja la awali lilibadilishwa kwa kuwa lilionekana halina adabu.

Mzaha wa Gaillard ulitegemea maneno ya kubuni yasiyo na maana, aliyoyatamka kwa utulivu kana kwamba kila msikilizaji anayaelewa. Stewart, kwa upande wake, alipitisha upinde kwenye nyuzi za besi huku akivumisha sauti ileile oktava moja juu yake, ufundi uliochekesha lakini uliodai sikio kali. Wanaowahesabu kuwa wachekeshaji tu huusahau ufundi huo. Walionekana pamoja katika filamu ya Hellzapoppin' ya mwaka 1941, kisha Gaillard akachukuliwa jeshini, naye Stewart akajiunga na kikundi cha watu watatu cha mpiga piano Art Tatum.