Faili Lililobeba Mababu

Januari 1977, kwa usiku nane mfululizo, mamilioni ya Wamarekani walikaa mbele ya televisheni wakifuatilia maisha ya Kunta Kinte, Mwafrika aliyeuzwa utumwani Marekani, na uzao wake, kama mwandishi Alex Haley alivyoyasimulia katika kitabu chake, Roots. Tamthilia ilipokwisha, wengi, weusi kwa weupe, walianza kuulizia asili yao wenyewe. Walilitafuta jina la bibi katika madaftari ya ubatizo, hati za ndoa na orodha za abiria wa meli.

Kompyuta ndogo zilipoingia majumbani miaka michache baadaye, watafiti hao walihamishia humo majina waliyoyakusanya. Lakini kila programu ya nasaba ilihifadhi habari kwa namna yake. Mtu mwenye majina elfu mbili katika programu moja hakuweza kumgawia ndugu yake mwenye programu nyingine. Alilazimika kuyachapa kwenye karatasi, na huyo ndugu akayaandika upya moja baada ya jingine, huku tarehe zikiharibika njiani.

Ufumbuzi ulitoka Salt Lake City, Utah, makao makuu ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Waumini wake hubatizwa kwa niaba ya jamaa zao waliokufa, kwa hiyo kumjua marehemu kwa jina na kwa wazazi wake ni wajibu wa dini. Chama chao cha nasaba kilianzishwa mwaka 1894. Kuanzia 1938 kilipiga picha za kumbukumbu za nchi nyingi kwenye mikrofilamu, na zaidi ya filamu milioni mbili zikawekwa katika ghala lililochimbwa ndani ya mlima wa mawe karibu na mji huo. Mwaka 1984 kanisa lilitangaza utaratibu wa kuandika faili uitwao GEDCOM. Halikuufungia ndani, na watengenezaji wengine wa programu wakauchukua bure.

Nguvu ya GEDCOM ni wepesi wake, kwani ni maandishi matupu. Kila mstari huanza na namba ya ngazi, kisha una lebo inayotaja aina ya habari: sifuri hufungua habari za mtu au familia, moja hutaja tukio kama kuzaliwa, mbili huongeza tarehe na mahali. Kila mtu ana namba yake, na kila familia huwataja mume, mke na watoto kwa namba hizo. Ukilifungua faili la namna hiyo kwa programu yoyote ya maandishi, utalisoma.

Toleo la 5.5 lilitoka katikati ya miaka ya 1990, na rasimu ya 5.5.1 ikafuata mwaka 1999. Rasimu hiyo ilitumika kote duniani, lakini ilikaa miaka ishirini kabla ya kuidhinishwa rasmi mwaka 2019. Katika kipindi hicho kila kampuni ilijiongezea lebo zake zinazoanza na mstari wa chini, na programu iliyopokea faili mara nyingi haikuzielewa, ikaziacha. Majina na tarehe vilifika. Picha, vyanzo na maelezo marefu mara nyingi vilibaki nyuma.

Intaneti iliongeza mashaka mengine, kwa sababu sasa mti wa ukoo ulikaa kwenye kompyuta za kampuni. Programu za nyumbani nazo zikaachwa: mwaka 2013 kanisa liliacha kuihudumia programu yake ya nasaba, Personal Ancestral File. Desemba 2015 kampuni ya Ancestry ilitangaza kwamba itaacha kuuza Family Tree Maker, programu iliyooanisha mti wa nyumbani na ule wa mtandaoni. Watumiaji wakalalamika kwa hasira, na mwaka uliofuata Software MacKiev ikaichukua. Aliyekuwa na nakala yake ya GEDCOM hakupoteza jina hata moja, ila picha ilimbidi azihifadhi kando.

Toleo la 7 la GEDCOM, lililotoka mwaka 2021, liliziba baadhi ya mapengo ya matoleo ya awali: linapokea herufi za lugha zote, na picha huweza kufungashwa pamoja na maandishi.

Hata hivyo, utaratibu huu hauzitoshelezi familia za aina zote. Familia moja ina nafasi ya mume mmoja na mke mmoja, kwa hiyo mzee mwenye wake watatu huandikwa katika familia tatu. Ndugu wa kunyonya, ambaye kwa Waislamu wa pwani yetu ni haramu kumuoa, hana lebo maalumu na huishia kwenye maelezo ya ziada. Jambo hili linatuhusu, maana FamilySearch, taasisi ya kanisa hilo, imekuwa ikiandika nasaba zinazosimuliwa na wazee wa Afrika, wakiwemo wa Ghana na Kongo.

Historia hii inatufundisha kwamba nasaba usiyoweza kuihamisha haimo mikononi mwako. Anayeiandika ya ukoo wake leo na ahifadhi faili lake mwenyewe, picha na vyanzo kando, na kila anapohama ahesabu watu na familia upande wa pili. Kampuni zitauzwa na programu zitakufa, lakini jukumu la kuwakumbuka wazee wetu litabaki kuwa letu.