Kibaba cha Kigwa

Katika vitabu vya wasafiri wa karne ya 19, Kigwa ni mahali pa kupita tu. Burton alipita mwaka 1857, Stanley akapita mwaka 1871, wote wakiwa na haraka ya kufika Unyanyembe, yaani Tabora, ambako kulikuwa na Waarabu, kahawa na habari za Pwani. Leo Kigwa ni kata ya Wilaya ya Uyui, na msomaji wa vitabu vile anaweza kudhani pale palikuwa na msitu, wezi na visima basi.

Mimi nawaza chakula. Posho ya mpagazi ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Chukua msafara wa watu 300, tena huo si mkubwa kwa njia ile: ni vibaba 300 kila jua likizama. Hakuna aliyeweza kubeba posho hiyo kutoka Bagamoyo, maana mabega yote yalikuwa na mitumba ya merikani na kaniki, na wakati wa kurudi yalikuwa na pembe za ndovu. Chakula kilinunuliwa njiani, kijiji kwa kijiji, kwa shuka na shanga. Biashara kubwa kuliko zote za bara wakati ule ilisimama juu ya mtama uliolimwa, ukatwangwa na kusagwa na mtu fulani.

Mtu huyo mara nyingi alikuwa mwanamke. Wanyamwezi walisafiri kiangazi, baada ya mavuno. Wanaume wakiwa Pwani, nyumba na shamba vilibaki kwa wake zao, na kwa wenye uwezo vilibaki pia kwa watumwa, ambao wengi wao nao walikuwa wanawake. Wengine hawakubaki. Mwanahistoria Stephen Rockel, ambaye kitabu chake kuhusu wapagazi kilitoka mwaka 2006, anawaonyesha wanawake ndani ya msafara wenyewe: wapishi, wachuuzi, wake waliobeba vyungu na mikeka na mtoto mgongoni, na wengine waliobeba mizigo kwa haki yao wenyewe. Lakini fungua hesabu za tajiri wa msafara. Kinachoandikwa ni mzigo, na mzigo una jina la mwanamume. Mke aliyempikia mpagazi mwendo wa miezi mitatu, akamwezesha kufika akiwa na nguvu za kubeba, hana mstari wake.

Halima ni mmoja wa wachache waliopata mstari. Alikuwa mpishi wa Livingstone. Mwaka 1872 mzee yule alikuwa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, akisubiri wapagazi ambao Stanley alikuwa amwajirie Pwani. Siku moja Halima akagombana na mwenzake, akaondoka. Baadaye akarudi mwenyewe, akasimama nje. Alichotaka ni bwana atoke amwambie ingia. Mimi hapo nasoma mgomo, mdogo, wa mtu mmoja, na ulifanikiwa. Livingstone akaandika katika shajara yake kwamba mama huyu ni mchapakazi na haibi, na kwamba wakifika Zanzibar atamwacha huru na kumnunulia nyumba na bustani. Sifa nzuri sana. Ila tuangalie ni malipo ya namna gani: ahadi, tena mpaka tufike. Mwaka uliofuata Livingstone akafa kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, hajaiona Zanzibar tena.

Kwa nini nayachimbua haya? Kwa sababu mazao yamebadilika kuliko daftari lilivyobadilika. Tabora ya sasa ni mkoa wa tumbaku. Kampuni hununua kwa mkataba kupitia vyama vya msingi vya ushirika. Kwenye kitalu yupo mama, kwenye kuchuma yupo, kwenye kufunga majani yupo, na bani likiwaka moto usiku kucha mara nyingi hakosi kuwa macho. Siku ya soko, robota linapandishwa mizani, daraja linatajwa, na fedha zinakwenda kwenye akaunti ya mwanachama. Mwanachama ni nani? Sheria haimzuii mwanamke. Mazoea ndiyo yanasema “mkuu wa kaya”, na mazoea hayana haja ya sheria.

Nchi ilishaliona jambo hili mahakamani. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwani mahakama iliona alishapewa fedha na mumewe akazitapanya, lakini msimamo ukabaki na wanawake wengi wameutegemea tangu hapo. Kasoro yake ni kwamba unafanya kazi ndoa ikivunjika. Mama wa Kigwa ambaye hana nia ya kuachana na mtu anausubiria nini?

Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulizipa kampuni kanuni 7 za kuwawezesha wanawake. Kampuni nyingi duniani zimetia saini, zikahesabu wanawake kwenye bodi zao na kupiga picha. Sibezi bodi. Lakini kanuni mojawapo inagusa mnyororo wa ugavi, yaani wale wanaoizalishia kampuni bila kuajiriwa nayo, na hapo picha huwa chache. Mnunuzi wa tumbaku au asali ana nguvu ambayo hakimu hana: ndiye anayechapisha fomu ya mkataba. Fomu ikiwa na nafasi mbili za majina, mume na mke, na malipo yakigawanywa kama walivyokubaliana wenyewe siku ya kusaini, hakuna semina itakayohitajika kueleza. Watakuwepo waume watakaonuna. Watazoea, kama walivyozoea benki.

Mwanamke aliyeuza unga kwenye kambi ya msafara alikuwa na jambo moja ambalo mjukuu wake hana. Kibaba kilijazwa mbele yake, na shanga alizihesabu mwenyewe, kabla unga haujaondoka.