Nani Mwenye Njia? Historia ya Kupelekeana Viungo vya Mtandao

Mtu akisoma jambo zuri hapendi kukaa nalo peke yake; atamtafuta mwenzake amwambie. Desturi hii ni ya kale kuliko maandishi, wala haikuletwa na mashine yoyote. Kilichozuka katika zama zetu ni wepesi wake. Mtu huchukua anwani ya ukurasa wa mtandao, ambayo kwa Kiswahili tunaiita kiungo, akampelekea mwenzake, naye akikibonyeza hufika pale pale alipofika wa kwanza. Leo ni habari ya siasa, kesho ni chombo kipya cha teknolojia, keshokutwa ni kichekesho. Wapo wanaodhani kwamba huu ni mchezo wa vijana usiostahili uchambuzi wa kiitikadi. Sisi tunasema sivyo. Palipo na kazi ya watu wengi na utajiri wa watu wachache pana suala la kitabaka, na kada asiyelielewa atatumiwa bila kujijua.

UJIMA WA MTANDAO

Kiungo cha mtandao kilianza kama zana ya kazi. Mwezi Machi 1989 Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi CERN, maabara ya fizikia iliyoko karibu na Geneva na inayogharimiwa na serikali za nchi nyingi, aliandika pendekezo la kuunganisha nyaraka za watafiti ili moja imwelekeze msomaji kwenye nyingine. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza kwamba programu za mfumo huo ni mali ya watu wote, na kwamba yeyote aweza kuzitumia bila kulipa ada. Mwaka huo huo kituo cha NCSA katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kilitoa programu ya Mosaic ya kusomea kurasa, kikaweka na orodha ya kuwaarifu wasomaji juu ya kurasa mpya. Aliyegundua alimwambia asiyejua, na hapakuwa na mtoza ushuru njiani.

Kipindi hiki tunaweza kukiita ujima wa mtandao, lakini tusikipambe. Walioufaidi ujima huo walikuwa wachache, wengi wao watu wa vyuo na maabara za nchi tajiri. Tena ulibebwa na fedha za umma. Haukuwa zawadi ya soko.

KAZI YA WENGI, HAZINA YA WACHACHE

Ubepari haukuchelewa. Mwaka 1994 wanafunzi wawili wa Stanford, Jerry Yang na David Filo, walianza kuorodhesha viungo walivyovipenda. Mwaka 1995 orodha hiyo ikawa kampuni ya Yahoo, na mwaka 1996 hisa zake zikaingia sokoni. Larry Page na Sergey Brin, wa chuo hicho hicho, waliona mbali zaidi. Walitambua kwamba mtu anapoweka kiungo katika ukurasa wake ni kama amepiga kura: amesema kuwa ukurasa ule unafaa kusomwa. Wakabuni hesabu ya kuzipima kura hizo, na mwaka 1998 wakaunda Google.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Akili ya vijana wale hatuibezi hata kidogo. Lakini malighafi yao ilikuwa kazi ya watu wasiohesabika waliokuwa wakielekezana kwa hiari, bila ujira. Mkulima wa pamba anajua kwamba pamba yake inakwenda kiwandani. Mwenye kuweka kiungo hakujua hata kwamba amevuna.

UASI WA MEI MOSI

Katika miaka hiyo hiyo vilizuka viwanja ambako wasomaji wenyewe ndio waliokuwa wakileta viungo: Slashdot mwaka 1997, Digg mwaka 2004 na Reddit mwaka 2005. Katika hivi viwili vya mwisho walipiga na kura kuamua kiungo kipi kipande juu. Siasa, teknolojia na vichekesho vikakaa jamvi moja.

Mwaka 2007 ilivuja namba ndefu ya siri iliyokuwa ufunguo wa kufungulia diski za filamu za aina ya HD DVD. Wenye mfumo wa kufuli hizo walituma barua za kisheria wakitaka namba iondolewe. Digg ikatii, ikaanza kufuta. Wasomaji wakachachamaa; kadiri viungo vilivyofutwa ndivyo walivyozidi kuvileta. Namba ikaimbwa, ikachapwa kwenye fulana, ikafanyiwa mzaha wa kila namna. Tarehe 1 Mei 2007, Siku ya Wafanyakazi, mwanzilishi wa Digg, Kevin Rose, alitangaza kwamba hawatafuta tena. Suala la ufundi lilikuwa limegeuka siasa, na silaha ya wengi ilikuwa kicheko.

Je, ule ulikuwa ushindi? Ulikuwa ushindi wa namba, haukuwa ushindi wa umilikaji. Mwezi Agosti 2010 wenye Digg waliubadili mtambo wao, wakawapa wachapishaji wakubwa nafasi ya kuingiza habari zao moja kwa moja. Wasomaji wakaasi tena, wakaujaza ukurasa wa mbele viungo vya Reddit, kisha wengi wakahamia huko. Lakini Reddit nayo ilikwisha nunuliwa na kampuni ya Condé Nast tangu mwaka 2006. Mpangaji alihama nyumba, hakupata nyumba.

Mwezi Juni 2023 Reddit ilipotaka kutoza bei mpya kwa programu za nje, wasimamizi wa kujitolea waligoma na kufunga maelfu ya vikundi. Kampuni haikurudi nyuma. Mwezi Machi 2024 iliuza hisa katika soko la New York, na katika nyaraka zake ikaeleza kwamba imefunga mikataba ya kuwaruhusu wengine kutumia data yake, yenye thamani ya jumla ya dola milioni 203. Data hiyo ni nini? Ni maneno, mizaha na maelekezo ya wale wale waliogoma.

SISI TULIKUTA SOKO LIMEFUNGULIWA

Waya wa baharini wa SEACOM ulianza kazi katika pwani yetu ya Afrika Mashariki mwezi Julai 2009, wakati viwanja vikuu vilikwisha kuwa na wenyewe. Mwaka 2014 Facebook iliinunua WhatsApp, na mwaka huo huo ikaanzisha huduma ya Internet.org nchini Zambia, kisha Tanzania na Kenya. Mtu aliweza kufungua Facebook na kurasa chache zilizoteuliwa bila kulipia. Bure hiyo ilikuwa na ukuta: kiungo cha kutoka nje ya kurasa hizo kilidai fedha. Basi asiye na fedha alikiona kichwa cha habari, asiione habari yenyewe. Mwezi Februari 2016 msimamizi wa mawasiliano wa India alipiga marufuku utaratibu wa namna hiyo nchini mwake.

Nchini India pia, mwaka 2018, watu waliuawa na makundi yaliyochochewa na uvumi wa kwenye simu. WhatsApp ikaweka kikomo, kwamba ujumbe usipelekwe kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mara moja, na mwezi Januari 2019 ikakieneza duniani kote. Kikomo kilikuwa cha haja, lakini aliyekiamua ni mwenye njia. Wapita njia hawakuulizwa.

WAJIBU WETU

Baadhi yetu watajibu haraka kwamba dawa ni umma kumiliki. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Mali ya umma ikishikwa na warasimu, mtoza ushuru huondoka na bawabu akakaa mahali pake. Fundisho la CERN ni kwamba mali ilikuwa ya umma na mlango ukaachwa wazi. Yote mawili yanahitajika.

Tena tujikosoe. Tumekuwa wepesi kusambaza habari zinazotusifu bila kuzifungua, na kichekesho tumekisambaza kabla ya kuuliza kinamcheka nani. Uongo uliovaa kicheko haukaguliwi mlangoni. Kada na akifungue kiungo na kukisoma chote kabla ya kukipeleka. Amtaje aliyefanya kazi, na ampelekee mwenzake hata lile linalotukosoa. Mwanafunzi wa ufundi ajifunze kujenga njia, asiridhike na kupita tu katika njia za wengine.

Kupashana habari ni kazi, na kazi ina mwenyewe. Tusipouliza njia ni ya nani, tutaendelea kubeba mizigo tukidhani tunatembea.