Biskuti za Mkono za Antwerp: Tukasirike, Lakini na Ukweli Kamili

Wasee, hii video mmeiona. Kila baada ya miezi kadhaa inarudi kuzunguka: dirisha la duka huko Ubelgiji, boksi la chokoleti, na kila chokoleti iko na umbo la mkono uliokatwa. Juu yake kuna maandishi makubwa: Wabelgiji walikata mikono ya Wakongo, sasa wanaila kama peremende. Watu wanatusi, wanalia, wanasambaza. Halafu anatokea Mbelgiji mmoja na mistari mitatu ya kueleza, na mjadala unakufa hapo hapo.

Kinachoniuma ni hiyo mistari mitatu, kwa sababu kwa kawaida ni ya ukweli. Na huo ukweli mdogo ukishasemwa, kuna ukweli mkubwa zaidi unapita nyuma yake kimya kimya, na hakuna mtu anaushika.

Nilipata siku nne za kuzunguka Antwerp na kamera, nikaamua kuutembea huo mji kupitia vitu vyake vya kula, duka kwa duka. Mimi niliacha kampasi mwaka wa pili, sina digrii ya historia. Lakini miaka na majina nitakayotaja hapa yako wazi, yeyote anaweza kuyafuata.

Tuanze na maduka yenyewe

Antwerp iko kaskazini mwa Ubelgiji, kando ya mto Scheldt. Bandari yake ni ya pili kwa ukubwa Ulaya, baada ya Rotterdam. Ndani ya mji mkongwe kuna kamtaa kembamba kanaitwa Korte Gasthuisstraat. Hapo ndipo penye duka la mikate la Goossens, ambalo limekuwa likioka tangu 1884. Ni kaduka kadogo mpaka foleni inatoka nje barabarani, na mabibi wenye vikapu wanasimama kwa baridi wakingojea mkate mzito wa zabibu kavu kama vile walingojea mama zao.

Mtaa huo huo kuna Philip's Biscuits. Ukiingia, harufu inakushika kwanza: siagi, mdalasini, karafuu. Hiyo ni speculoos, biskuti ngumu ya viungo ambayo watoto wa huko hupewa hasa sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi, tarehe 6 Desemba. Na kwa rafu, ndani ya mikebe mizuri yenye picha za mji, ndipo utakuta mikono. Ya asili ni biskuti ya siagi yenye vipande vya lozi juu. Ya chokoleti ilikuja baadaye, na mingine inajazwa lozi iliyosagwa na sukari.

Kabla tuiguse hiyo mikono, ebu tusimame kwa mdalasini na sukari. Hakuna hata kimoja kinachoota Ubelgiji. Mwanzoni mwa karne ya 16, Wareno waliifanya Antwerp kuwa soko lao kuu la viungo Ulaya. Ni Wareno wale wale waliovamia na kuichoma Mombasa mwaka 1505 wakiwa njiani kwenda India. Pilipili na mdalasini waliyochukua huko mashariki ilishia kwa maghala ya Antwerp, ikauzwa Ulaya nzima.

Sukari nayo ilitoka sehemu kadhaa, na mojawapo ni kisiwa cha São Tomé, pale karibu na ikweta magharibi mwa Afrika. Mashamba yake yalilimwa na watumwa, na wengi wao walitolewa Benin na ufalme wa Kongo. Sukari hiyo ilipelekwa Antwerp kusafishwa. Kwa hivyo huu mji ulikuwa umeonja jasho la Mkongo zaidi ya miaka 300 kabla Leopold II hajazaliwa. Hii haiandikwi kwa mkebe.

Mkono umetoka wapi?

Sasa ile mistari mitatu ya Mbelgiji. Nenda uwanja mkuu, Grote Markt, mbele ya jumba la mji. Katikati kuna sanamu kubwa ya shaba, kazi ya Jef Lambeaux ya mwaka 1887. Inaonyesha kijana amejipinda, anarusha mkono mkubwa uliokatwa, na maji yanamwagika kila upande.

Hadithi yao inasema zamani kulikuwa na jitu, Druon Antigoon, lililokaa kando ya mto Scheldt likidai ushuru kwa kila mashua. Nahodha akikataa kulipa, jitu linamkata mkono na kuutupa mtoni. Mwishowe askari wa Kirumi anayeitwa Silvius Brabo akaliua, akalikata mkono lenyewe, akautupa mtoni. Watu wa pale husema jina la mji limetokana na maneno ya Kiholanzi ya kurusha mkono. Wataalamu wa majina hawakubali, wengi wanaona linahusu ardhi iliyoinuka kando ya mto. Lakini hadithi ni ya kale kweli, na mikono miwili iko kwa nembo ya mji tangu karne nyingi kabla ya Ubelgiji kuwa nchi. Hata makumbusho ya MAS, yaliyofunguliwa 2011 pale bandarini, yamepambwa ukutani kwa mikono ya metali zaidi ya 3,000.

Biskuti yenyewe ilizaliwa 1934. Chama cha waokaji wa Antwerp kiliandaa shindano la kutafuta kitu kitamu cha kuutambulisha mji. Aliyeshinda ni Jos Hakker, mwokaji Myahudi aliyetoka Amsterdam. Alichukua hadithi ya Brabo akaigeuza kuwa biskuti.

Na huyo Hakker, manze, maisha yake si mchezo. Wanazi walipoikalia Ubelgiji, alikamatwa na kufungiwa kambi ya Dossin mjini Mechelen. Kutoka kambi hiyo, kati ya 1942 na 1944, zaidi ya watu 25,000, Wayahudi na Waroma, walipakiwa kwa treni kupelekwa Auschwitz, na wachache sana walirudi. Hakker aliruka kutoka kwa treni akiwa njiani, akaishi, na akaandika kitabu kueleza yaliyokuwa yakifanyika ndani ya kambi hiyo.

Kwa hivyo ile video ikisema biskuti iliundwa kusherehekea mikono ya Wakongo, inamfanya mtu aliyeponea kifo cha aina hiyo kuwa mshangiliaji wa kifo cha wengine. Hapo tumekosea, na tukikosea hapo tunampa yule Mbelgiji mlango wa kutokea.

Sasa twende bandarini

Kutoka Grote Markt hadi mtoni ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Hapo ndipo mistari mitatu inaisha na stori yetu inaanza.

Mwaka 1885 Leopold II alijipatia Kongo kama mali yake binafsi, na akakaa nayo mpaka 1908. Kabla yake, pembe nyingi za ndovu kutoka mashariki mwa Kongo zilikuja huku kwetu, zikibebwa na wapagazi mpaka pwani na Zanzibar. Bwana mkubwa wa biashara hiyo alikuwa Tippu Tip, mzaliwa wa Zanzibar, na yeye mwenyewe hakuwa malaika, alikuwa mfanyabiashara wa watumwa. Mwaka 1887, mwaka ule ule wa sanamu ya Brabo, Leopold alimfanya liwali wa Stanley Falls, mahali panapoitwa leo Kisangani. Taratibu mzigo ukageuza njia. Badala ya kuja mashariki, pembe zikateremshwa na mto Kongo, zikapakiwa meli, zikashuka Antwerp. Mji ukawa mojawapo ya masoko makubwa kabisa ya pembe za ndovu duniani.

Halafu ikaja homa ya mpira. Dunia ilitaka magurudumu ya baiskeli na ya magari, na mpira ulikuwa unaota mwitu kwa misitu ya Kongo. Kampuni zikapewa maeneo makubwa kuvuna. Moja iliyoanzishwa 1892 na kupewa bonde la Mongala iliitwa Société Anversoise du Commerce au Congo. Anversoise ni Kifaransa, maana yake ya Antwerp. Jina la mji lilikuwa kwa mlango wa kampuni, na kampuni hiyo ikajulikana kwa mauaji.

Mfumo ulikuwa hivi. Kijiji kinapangiwa kilo za mpira. Wasipofikisha, wanajeshi wa Leopold au walinzi wa kampuni wanatumwa. Risasi zilikuwa ghali, na wakubwa hawakutaka zipotee kwa kuwinda nyama, kwa hivyo kila risasi iliyotumika ilitakiwa irudi na mkono wa kulia wa mtu aliyeuawa. Mlinzi akikosa shabaha, au akiwinda nyani, alitafuta mkono wa mtu aliye hai kujaza hesabu. Mikono ilikaushwa kwa moshi isioze kabla ya kuhesabiwa.

Mwaka 1904, mmishonari Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha Nsala, mwanaume wa kijiji cha Wala. Ameketi kwa baraza, anaangalia mkono mdogo na mguu mdogo chini mbele yake. Ni vya Boali, bintiye wa miaka mitano, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Hiyo picha haihitaji mtu aiongezee chumvi.

Na aliyefumbua siri upande wa Ulaya aliifumbua hapo hapo bandarini Antwerp. Edmund Morel aliacha shule akiwa na miaka 15, akawa karani wa kampuni ya meli ya Elder Dempster ya Liverpool. Kazi ilimleta Antwerp mara kwa mara kusimamia meli za Kongo. Akaona meli zinafika zimejaa mpira na pembe. Zikirudi, hazikubeba bidhaa za kuulipia huo mzigo. Nyingi zilibeba maafisa, bunduki na risasi. Hakuhitaji kufika Kongo kujua. Kama mali inatoka na malipo hayaendi, basi watu wanafanyishwa kazi kwa mtutu wa bunduki. Mwaka 1901 aliacha kazi, na 1904 akasaidia kuanzisha chama cha kupigania Wakongo. Msee bila digrii, na vitabu vya hesabu za meli.

Mji haukuwa na kisingizio cha kutojua. Mwaka 1894 Antwerp iliandaa maonyesho ya dunia, na Wakongo zaidi ya 100 waliletwa wakakaa ndani ya kijiji cha maonyesho, watu wakija kuwaangalia. Baadhi yao walikufa huko huko.

Kwa nini nang'ang'ania hii tofauti

Katika duka moja nilimuuliza dada aliyekuwa akiuza kama kuna mteja huwa anauliza kuhusu Kongo. Alinipa kikaratasi chenye hadithi ya jitu, akatabasamu, akamhudumia anayefuata. Simlaumu. Kikaratasi kilikuwa sahihi, neno kwa neno. Shida yake ni mahali kinapoishia.

Huko kwao mambo haya hayajaisha. Juni 2020 sanamu ya Leopold II iliyokuwa Ekeren, Antwerp, iliondolewa baada ya kuchomwa moto. Mwezi huo huo Mfalme Philippe aliandika kwa Rais Tshisekedi akieleza majuto, na 2022 akayarudia akiwa Kinshasa. Majuto, lakini kuomba msamaha bado. Kamati ya bunge lao ilikaa zaidi ya miaka miwili kuchunguza ukoloni, na Desemba 2022 ikamaliza bila makubaliano, kwa sababu vyama havikukubaliana kuhusu kuomba msamaha.

Watu wanapobishana kiasi hicho kuhusu neno moja, sisi tukienda na stori ya biskuti tunarahisisha kazi yao. Wanakanusha biskuti, na kwa kanusho hilo hilo Mongala inasahaulika. Wakongo waliokatwa mikono hawakukatwa na hadithi. Walikatwa na hesabu ya risasi, na faida ikashushwa kwa bandari yenye jina na tarehe.

Leo zaidi ya nusu ya kakao ya dunia inatoka Ivory Coast na Ghana, na Antwerp ni mojawapo ya bandari kubwa zinazoipokea. Mkulima aliyeivuna mara nyingi hajawahi kuonja boksi la pralini. Hiyo pia ni stori ya chokoleti, na haina haja ya mkono wa bandia.

Ukifika Antwerp, nunua biskuti ukitaka. Ni tamu, na Hakker aliishinda kihalali. Halafu tembea zile dakika chache mpaka mtoni.

Na hiyo video ikirudi kwa simu yako, usiishie kutusi. Andika hivi: Biskuti ni ya 1934, ya Jos Hakker, na inahusu jitu la hadithi. Mikono ya Kongo ilikuwa ya watu, mpira wao ulishukia Antwerp, na moja ya kampuni zilizoua ilibeba jina la mji huo. Sasa tuambieni, kwa nini mkebe unasimulia moja tu?